Jina Alilolichagua Marcelo

Laptop ya Ndaki ilinuka samli. Ilikuwa ile samli waliyojipaka mabibi wa zamani, yenye uchachu wa kibuyu. Alimuuliza mkewe Lucy kama alipitisha kibuyu pale ofisini. Lucy, mwenye mimba ya miezi minane, alimcheka: samli ya ng'ombe yupi, wakati hata mbuzi hawana?

Mwaka huo, 2003, Bariadi kila mtu alikuwa na kampuni. Wanunuzi binafsi wa pamba walijaa na magari yao, na Ndaki naye akafungua chumba cha kuchapa barua pale sokoni. Laptop aliletewa bure kutoka Mwanza na Marcelo, rafiki yake tangu shule, mtu waliyegawana naye hata kipande cha sabuni. Ilikuwa tupu. Marcelo alikuja na sidii ya Linux, mfumo usiodai leseni ya mtu, akakaa pembeni kumwelekeza: futa diski yote, chagua kibodi, weka nywila. Mashine ilipouliza iitwe nani, Ndaki alitaka kuandika Bariadi. Marcelo akamshika mkono.

"Andika Nyanjige," alisema. "Bibi yangu. Basi tu, nimkumbuke."

Ndaki akaandika. Marcelo aliondoka chai yake ikiwa nusu.

Kwa Wasukuma jina la marehemu halitolewi ovyo. Ukimpa mtoto, umemwita mwenye jina aje akae kwako. Ndaki alilijua hilo tangu utotoni, lakini nani angefikiria mashine? Msomi naye ana ujinga wake.

Siku ya tatu, samli ikizidi kunuka, alibadilisha jina, akaizima na kuiwasha, likarudi lilelile. Akafuta kila kitu, akaanza upya na sidii, mchana kweupe, mlango wazi na soko likipiga kelele nje, akaandika Bariadi herufi moja moja, na mashine ilipowaka samli ikamjaa puani, shanga zikachakarika chini ya kibodi kama mtu anayejiweka vizuri kwenye kigoda, na pale panapoulizwa jina la mtumiaji pakajiandika taratibu, bila yeye kugusa kitu, mtoto wangu yuko wapi, na saa ileile, Lucy alimwambia baadaye, mtoto tumboni aliacha kucheza.

Milembe, mganga wa Lalago aliyeitwa na Ndaki, alifika asubuhi. Ndaki alimsalimu, "Mwangaluka, mayu," lakini mama yule alipita moja kwa moja hadi kwenye laptop. Alinusa kwanza.

"Nani aliliandika jina hili?" alinong'ona.

"Mimi, mayu."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Milembe akashusha pumzi. Alieleza kwamba katika ukoo wa Marcelo watoto wawili walipewa jina lile, na hakuna aliyefikia kutembea. Sasa Nyanjige amepokelewa hapa. Ataondoka tu ukoo wake ukimkubali tena kwa kinywa, au mtu mwingine akimwandika kwa mkono wake, kama Ndaki alivyofanya. Kuichoma mashine kungemfungia njia ya kutoka.

Ndaki alimpigia Marcelo simu, akambembeleza aje atamke neno moja. Nyuma ya Marcelo mtoto mchanga alikuwa akilia.

"Mke wangu Felisita naye alikuwa mjamzito," Marcelo alisema. "Wewe ungefanyaje?"

Simu ikakatika. Ndaki alilia palepale kibarazani, mtu mzima. Mzimu ule ulimtisha, lakini kilichomuuma ni ile nusu ya chai.

Lucy alijifungua msichana, tena hai, wakamwita Specioza. Kwa siku mbili mtoto alilia na kukataa ziwa. Siku ya tatu Lucy, macho mekundu kwa uchovu, alimwinamia akamwita Nyanjige, jina ambalo Ndaki hakuwahi kumtajia. Mtoto akanyamaza, akanyonya. Chumba kikanuka samli.

Ndaki alikwenda sokoni, akaifuta laptop vumbi kwa shati lake. Kisha akampigia Januarius, rafiki yake wa Mwanhuzi, ambaye mkewe alitarajia kujifungua mwezi ujao.

"Nimekupatia kompyuta," alimwambia. "Ya bure. Nitakuja mwenyewe kukuelekeza."