Siku Nne Nilizonyamaza

Ndugu zangu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, nimeolewa, nina mtoto mmoja, na nyumba yetu iko hapa Kuze, Mji wa Kale. Ukinipita njiani na buibui langu utasema huyu hana lake jambo. Ninalo! Miaka mitano nimelificha, na leo naliandika.

Shoga yangu aliitwa Rukia. Tulipakana ukuta, tulisoma Kurani chuoni pamoja, na tulipokuwa wari tulishinda kwao tukishona kofia za kuuza. Alikuwa mcheshi. Aliniita "kibibi" kwa sababu mimi ni mwoga tangu utotoni. Hata mende nilimkimbia!

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa Uhuru, nasi tuna miaka kumi na minane. Posa ya Rukia ilikuwa imekubaliwa, mume ni binamu yake wa Malindi, na harusi imebaki mwezi mmoja. Siku moja akaninong'oneza kuwa ana mimba. Si ya binamu! Ilikuwa ya kijana mmoja karani wa Liwatoni, ambaye alipoambiwa alipanda basi la Nairobi akapotea moja kwa moja. Laa haula!

Alikuwa amesikia habari za bibi mmoja upande wa Makupa, akataka nimsindikize. Je, ningemwachia nani? Lakini kwanza aliteremsha Msahafu wa marehemu baba yake, akauweka mkono wangu juu.

"Apa hutamwambia mtu," akasema. "Nife nisife."

Nikaapa.

Jumatatu baada ya adhuhuri tulitoka tumejifunika gubigubi, kama waendao Marikiti kununua mboga. Sitasema yaliyofanyika katika chumba kile. Mimi nilikaa mlangoni, nikamsikia akiuma leso yake asipige kelele. Tukarudi polepole, kanishika mkono, akajitia kucheka. "Yamekwisha, kibibi." Hayakwisha...

Jumanne damu haikukatika. Jumatano homa ikampanda, meno yakigongana. Mama yake, Bi Zena, mjane mpole asiyejua lolote, alikata shauri kuwa ni kijicho. Harusi imekaribia, watu wana hasadi, na mwari mwenyewe mzuri vile! Akaitwa mwalimu, akaandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa marashi, Rukia akanywa. Wageni wakakatazwa kuingia. Mimi tu niliruhusiwa, maana mimi mtoto wa nyumba.

Alhamisi ikaanza harufu. Wasomaji, harufu ile sitaisahau! Bi Zena alitia udi kwenye chetezo, chumba kikajaa moshi, na shangazi yake Rukia akasema vyema, bibi-harusi anukie. Wao wanafukiza hasidi, nami nimekaa kitandani nampepea, najua kinachonuka ni nini.

Alasiri ile walipotoka kusali, Rukia alinivuta karibu. Mkono wake ulikuwa wa moto. "Shoga, kile kiapo nimekusamehe," akaniambia. "Mwambie mama. Nataka hospitali."

Nami nikamjibu nini? "Ngoja kidogo. Kesho utaamka huna homa." Ya Rabbi, nisamehe!

Siku zote nimejiambia ni kiapo kilichonifunga mdomo. Uongo! Mwenyewe alikwisha kunifungua. Nilichoogopa ni jela. Watu walisema mwanamke akifika hospitali na hali ile daktari huita askari, na askari huuliza nani alimpeleka kule. Nilijiona na pingu, napitishwa njia kuu, baba yangu anatazama. Kila hodi ikipigwa, roho iliniruka. Askari mmoja alisimama barazani kwetu kujikinga na jua tu, maskini, nami nikakimbilia chooni nikatapika.

Ijumaa asubuhi Rukia hakunijua tena. Alikuwa akizungumza na bibi yake aliyekufa zamani. Hapo Bi Zena akapiga ukelele, mjomba wa Rukia akaleta teksi, tukampeleka.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima, Mgiriama. Alifunua shuka mara moja tu, akajua. Hakufoka. Hakuita askari! Alimwita daktari mbio, wakamtia maji na dawa mshipani. Muuguzi alipotoka nikamfuata, nikamwuliza kwa sauti ya kuibia, polisi watakuja lini?

Akanitazama sana. "Binti, sisi hapa twatibu. Wasichana kama huyu twaletewa kila mara. Wanaowahi twawasafisha, wakarudi kwao wazima. Huyu mmemweka mno."

Hospitali ile, ndugu zangu, ni mwendo wa miguu kutoka kwao! Siku nne ilikuwa pale pale, na dawa yake...

Rukia alifariki kabla ya alasiri.

Muuguzi alimweka Bi Zena kando akamweleza yote. Alirudi bila machozi, akanishika mabega. "Mwanangu, wewe ulikuwa naye kila siku. Ulijua?"

"Wallahi sikujua, mama."

Akanikumbatia! Akanililia begani, akisema, "Najua. Ungalijua, ungaliniambia."

Dada zangu, nawasihi. Ukimwona mwenzako anavuja damu, ana homa, usingoje kesho. Kombe na alinywe njiani! Mpeleke hospitali, na umwambie muuguzi kweli, hata kama uliyemsindikiza kule ni wewe. Aibu watu huisema wakachoka. Nanyi mama zetu, kwa nini binti akuogope wewe hata akaone heri kuoza chumbani? Mtu akiumwa, kwanza atibiwe. Maneno yatasubiri.

Bi Zena bado ni jirani yangu. Nilipojifungua ni yeye aliyenikanda siku arobaini, na mwanangu humwita bibi. Husoma Kiarabu tu, herufi za kizungu hazijui, kwa hiyo kila gazeti hili likitoka huja na kahawa yake, akae kwenye mkeka, nimsomee kurasa zote tangu mwanzo. Naogopa, wasomaji. Naogopa kuliko nilivyomwogopa askari yule. Lakini likitoka lenye barua hii, nitamsomea, wala sitaruka mstari.