Kitufe cha Nne

Simu ya Bi Zuweina ilianza kunuka udi Jumanne mchana, na chetezo cha nyumba ile hakijawashwa tangu Idi.

Ilikuwa simu ya nyumbani isiyo na waya, zawadi ya mwanawe aliyeko Maskati. Asma, jirani yake hapo Mtambile, alikuwa amemhifadhia namba mbili. Akikibana kitufe cha moja anampata Bi Maisa, dada yake, kule Wete. Akibana mbili anampata Shadya, bintiye, aliyeolewa na Ahmada kule Gando, mwenye mimba ya kwanza, imeshatimia. Namba zenyewe Bi Zuweina hakuzijua hata moja. Azijue za nini, na simu inazijua?

Jumatatu, siku moja kabla ya harufu ile, jua la utosi, kidole kilimteleza akabana nne. Nne haikuwa na kitu. Iliita hivyo hivyo, ikapokelewa.

"Hodi," sauti ilisema.

Bi Zuweina amelelewa akaleleka. Alijibu kabla hajafikiri: "Karibu, pita ndani."

Aliona upuuzi, akaiweka simu.

Jumatano, saa ile ile, alikuwa jikoni akikuna nazi aliposikia simu ikijipiga peke yake. Kisha alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka sebuleni: "Hodi, Maisa."

"Karibu, dada," Bi Maisa alicheka. "Hodi ya simu tena?"

Kicheko kilikatika. Alasiri habari ilifika kutoka Wete: Bi Maisa kaanguka, macho wazi, hasemi, na mwili mzima unanuka udi.

"Umekikaribisha weye kitu hicho," Asma alinong'ona, aliposimuliwa ile hodi ya Jumatatu. "Kesho kitapiga mbili."

"Ifute! Ifute namba ya mwanangu!"

Asma aliifuta, ikarudi. Aliitoa betri, na kioo kikabaki kinawaka. Shehe Jabir aliitwa, akasoma mpaka koo likamkauka.

"Mwenye nyumba kesha kumpa ruhusa," alisema kwa sauti ya chini. "Mie ntamtoaje?"

Alhamisi mchana mbili iliwaka, na Bi Zuweina, ambaye tangu alfajiri alikuwa kakaa mkekani akiichunga simu ile, aliinyakua kwa mikono miwili, akaibana sikioni hata shavu likamuuma, na harufu ya udi ikamjaa puani na kooni, na mle ndani akasikia mtu anapumua polepole, bila haraka, kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu.

"Mwache Shadya," alisema huku analia. "Kama wataka pa kukaa, kaa kwangu mie. Ingia mwilini mwangu."

"Nimekubali," sauti ilisema. Ilikubali upesi mno.

Kioo kilizimika. Kitu cha moto kilimshuka kifuani, kikatulia. Bi Zuweina alifurahi, Mungu ndiye shahidi; alifurahi kama mtu aliyenunua roho ya mwanawe.

Alasiri simu iliita. Alikuwa Shadya.

"Mama, uchungu waanza. Mkoba nshafunga. Ahmada ananileta, nije nizalie kwako."

Kwa hofu ya siku tatu, Bi Zuweina alikuwa amesahau kabisa. Kwa desturi, mtoto wa kwanza mwanamke humzalia kwa mamake. Alifungua kinywa amwambie asije, amwambie akimbie, aende popote pengine. Ulimi ulikuwa si wake tena.

"Njoo, mwanangu," alijisikia akisema, kwa sauti tamu aliyombembelezea Shadya utotoni. "Nshakutandikia. Nakungoja weye na huyo ntoto."

Shadya alishukuru, akamwita mumewe awashe gari.