Bomba Linapokohoa

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kufagia uwanja na kunywa uji, Otilia alibeba mfuko wa spana na kumfuata shangazi yake mlimani. Mfuko wenyewe ulimlemea, lakini ole wake mtu aliyethubutu kumpokea! Shangazi Walburga alikuwa fundi wa maji wa mji mdogo wa Lihonji, na Otilia, msichana wa darasa la sita, hakuona duniani mtu wa kumlinganisha naye.

Njiani shangazi hakuacha kumtania.

"Haya, mheshimiwa fundi, niambie. Maji ya Lihonji yanasukumwa na mashine gani?"

"Hayasukumwi na mashine, Shangazi. Yanashuka yenyewe kwa sababu chanzo kiko juu na sisi tuko chini. Ni maji ya mserereko."

"Kumbe shule unaenda kusoma! Nilidhani unafuata netiboli tu."

Juu kabisa, kijito kilizuiwa kwa ukuta mdogo wa zege. Hapo paliitwa kidakio. Maji yalipita kwenye chujio la chuma, yakaingia kwenye bomba kuu na kuteremka hadi kwenye tenki kubwa lililo juu ya mji. Ndani ya tenki yalitiwa dawa ya kuua vijidudu, kisha yakagawanywa kwenda shuleni, kituo cha afya, majumbani na kwenye vioski vya maji. Kando ya kidakio palikuwa na kibao ambacho shangazi alikiandika mwenyewe huku Otilia akimshikia kopo la rangi: USIOSHE KITU JUU YA HAPA.

Msimu wa kahawa ukafika, na baridi yake. Jumanne mama yake Otilia, Mama Beata, alimenya kahawa kule shambani na kuivundika kwenye ndoo ili ute wake ulainike. Jumatano asubuhi akamwambia bintiye, "Ukitoka shule pitia shambani, uipeleke ile kahawa karoni ukaioshe. Ikilala tena itanuka, na kahawa inayonuka haina mnunuzi."

"Sawa, Mama."

Aliitika sawa, lakini moyo ulikuwa uwanjani. Jioni hiyo timu yao ilikuwa inacheza na wasichana kutoka Mpepai, na mfungaji wao alikuwa nani kama si yeye? Shamba lao la kahawa lilikuwa juu ya kidakio, na karo la kuoshea kahawa lilikuwa bondeni, chini ya kidakio, mwisho wa njia yenye utelezi. Kahawa mbichi ni nzito, tena haina huruma na shingo ya mtu. Otilia akalitazama jua. Akakitazama kijito, kinapita palepale miguuni pake.

"Mara hii moja tu," akajisemea.

Akaosha kahawa hapohapo. Maganda mekundu yaliyobaki pale tangu Jumanne, ambayo mama yake huyatupa shimoni yageuke mboji, akayamwaga mtoni yote. Kisha akaanika kahawa kwenye kichanja, akatimua mbio. Alifunga mabao mengi na wenzake wakambeba juu juu. Njia nzima aliimba.

Alhamisi mabomba ya Lihonji yalitoa maji membamba ya rangi ya kahawia, yenye harufu chachu. Ijumaa hayakutoa kitu. Wauguzi wa kituo cha afya walionekana wakipanda kutoka bondeni na ndoo vichwani. Shangazi Walburga hakuwapo. Alikuwa amekwenda Songea kufuata dawa ya maji, na mtu asipokuwapo ndipo husemwa vizuri.

"Huyu Walburga amelewa sifa," alisema Bi Kunigunda, muuzaji wa kioski cha maji, mikono kiunoni. "Chujio halisafishwi, yeye yuko mjini anatembea. Kesho kuna mkutano. Mwenyekiti wetu, Mzee Salvatory, amesema funguo za maji apewe mtu mwingine."

Otilia alisikia kila neno. Alirudi nyumbani na ndoo tupu, na jioni akaisukuma kando sahani ya ugali na usipa, wale dagaa wa ziwani wa Liuli anaowapenda.

Shangazi alirudi usiku. Alfajiri ya Jumamosi wakapanda pamoja, ukungu ukiwa bado mzito. Safari hii hakukuwa na utani. Walianza kwenye tenki: tupu. Wakapanda hadi kwenye valvu ya katikati ya mlima, shangazi akaifungua: kavu.

"Basi tatizo liko juu zaidi," alisema. "Bomba halidanganyi. Ukilifuata kwa utaratibu litakuonyesha lenyewe."

Walipofika kwenye kidakio, chujio lilikuwa limefunikwa na maganda mekundu ya kahawa yaliyogandamana na kuoza. Shangazi Walburga aliyatazama kwa muda, kisha akapiga magoti, akaanza kuyatoa kwa mikono. Otilia akamsaidia, macho chini.

"Nilisafisha chujio hili Jumamosi iliyopita, wewe ni shahidi," alisema shangazi. "Mtu ameosha kahawa huko juu."

"Shangazi, utawaambia nini mkutanoni?"

"Nitawaambia nilichokiona. Wakiuliza ni nani, sitamtaja mtu nisiyemwona. Wakitaka funguo, nitawapa." Akakwangua chujio kwa kucha. "Kazi hii naipenda, Otilia. Naipenda mno."

Otilia alitaka kusema palepale. Badala yake akazidi kuzoa maganda.

Waliposhuka, shangazi alifungua valvu ya kutolea uchafu ili maji ya kwanza yasafishe bomba na kumwagika nje. Alipoona yanatoka safi, akaifunga, akayaachia yaende kwenye tenki, na baada ya kuyatia dawa akayafungulia njia ya kwenda mjini. Kisha wakaenda mkutanoni, mbele ya kioski cha Bi Kunigunda.

Watu walikuwa wamejaa, na Mama Beata alikuwamo. Mzee Salvatory, mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji, alisimama na fimbo yake.

"Walburga binti yangu, tunakuheshimu. Lakini wagonjwa wamekosa maji. Unasema kuna mtu ameosha kahawa. Ni nani?"

"Sikumwona, Mzee."

"Basi tutafanyaje? Lete funguo, jumuiya itafute fundi mwingine."

Shangazi Walburga akatia mkono mfukoni, akatoa funguo. Hapo Otilia akakohoa. Akakohoa tena. Watu wakageuka.

"Shikamooni," alisema kwa sauti ndogo, kisha ikapanda. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyeosha kahawa juu ya kidakio. Nilikuwa nawahi netiboli. Maganda niliyamwaga mimi. Shangazi hana kosa hata kidogo."

Mama Beata alijifunika mdomo kwa kanga. Otilia alilia wazi, bila kuficha uso, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akavuta pumzi ikashuka mpaka tumboni.

Mzee Salvatory akasema, "Kosa lako ni kubwa, mjukuu wangu. Lakini kusema umesema. Walburga, rudisha funguo zako mfukoni, nasi utusamehe." Akawageukia watu. "Tena tuseme kweli, ile njia ya karoni hata mimi hunishinda. Yale maji ya ziada yanayomwagika pale kwenye kidakio tutayavuta kwa bomba hadi karo jipya, chini yake kidogo, na shimo la maganda tutalichimba kando. Na huyu binti atalisafisha chujio kila Jumamosi mpaka msimu uishe."

"Walburga, nilikusema vibaya," alisema Bi Kunigunda. "Nisamehe, mwenzangu."

Kabla hajajibiwa, bomba la kioski likakohoa. Likatoa hewa, likakohoa tena, likatema maji ya kahawia. Bi Kunigunda akataka kulifunga.

"Liache!" alisema Shangazi Walburga. "Liache liteme."

Likatema, likatema, mwisho maji yakatoka meupe, mengi, na watoto wakapiga kelele za furaha. Shangazi akamvuta Otilia kifuani.

"Umenitia aibu," alimwambia, "na umeniondolea aibu. Sikiliza, mwanangu. Kukosea kila mtu hukosea. Ila kosa lililofichwa ni kama yale maganda: hukaa pale, likaoza, wakapata taabu wasiohusika. Litoe mapema, kwa mikono yako mwenyewe."

"Nitalitoa, Shangazi. Ulikuwa unajua kwamba ni mimi?"

"Nijue wapi?" Shangazi alimfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake, akacheka. "Ila ulipoanza kukohoa kama bomba, nikajua maji safi yako njiani."