Hatua Nne Zilizopungua

Jumatatu zulia lilienea chumba kizima, ukuta hadi ukuta. Alhamisi asubuhi upande wake mmoja ulikuwa umepanda ukutani kiasi cha kiganja, umejikunja kama mdomo wa mtu aliyenuna.

Mpangaji, fundi cherehani, alimpigia simu dalali wake.

"Dada, hili zulia limekua."

Dalali alicheka. "Zulia halikui, mama. Umelitandika vibaya."

"Nimekata nguo miaka kumi na tano, kipimo hakinipigi chenga. Chumba ndicho kilichopungua. Na kinanuka kama kisima kilichofukiwa."

Kicheko kilimkauka. Madalali wenzake walimwita Bibi Picha, kwa sababu alipangisha nyumba kwa picha za simu tu. Za nyumba hii mwenyewe alimtumia sita, naye hakuwahi kuvuka kizingiti chake. Lakini siku ya kulipa kodi, fundi alipomuuliza kama ameikagua, alimtazama machoni akamjibu: "Nimeipita mwenyewe, chumba kwa chumba, kwa miguu yangu."

Shangazi yake, aliyemfundisha kazi, alikuwa dalali miaka thelathini. Kila nyumba alivua viatu, akahesabu hatua nje, kisha ndani. "Zikipishana sana, mwanangu, ujue mna mpangaji mwingine humo. Usimpe mtu funguo." Bibi Picha alikuwa akimtania kwamba siku hizi kuna futi kamba.

Mchana simu iliita tena. Safari hii fundi alikuwa analia. Binti yake wa miaka mitatu alikuwa akicheza juu ya zulia, na yeye amekaa mlangoni anashona vifungo. Aliinamisha kichwa kukata uzi. Alipokiinua, mtoto hayupo. Dirisha lina nondo, na mlangoni hakupita mtu.

Bibi Picha alifika na shangazi yake, anayetembelea magongo. Fundi alikuwa amepiga magoti akiukwaruza ukuta kwa kucha.

"Anacheka humu ndani! Dada, si ulisema umeipita yote?"

Shangazi alimgeukia. "Uliingia humu?"

"Sikuingia, shangazi."

Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuuma kuliko kofi.

"Goti langu halinifikishi," shangazi alisema taratibu. "Vua viatu."

Nje Bibi Picha alihesabu hatua kumi na nane. Ndani, kutoka mlango wa mbele hadi ukuta wa chumba cha mwisho, kumi na nne.

"Sasa rudi mlangoni, ufumbe macho, uhesabu upya," shangazi alinong'ona. "Kumi na nne ikifika, usisimame. Ukisimama imekuchukua. Ukimshika mtoto, rudi kinyumenyume, na usimjibu yeyote."

Alitembea. Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne, akasubiri paji la uso ligonge ukuta na halikugonga, bali baridi ilimpanda toka nyayoni na ile harufu ya kisima ikamjaa mdomoni kama tope, na pembeni ya sikio lake mtu akaanza kuhesabu pamoja naye, kwa sauti ambayo aliitambua mara moja kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe, ikisema kumi na tano, kumi na sita, kisha ikaacha kuhesabu na kumwambia kwa upole, vilevile alivyomwambia fundi, "Nimeipita mwenyewe, chumba kwa chumba, kwa miguu yangu," na machozi yakamtoka lakini mguu hakuuzuia, na hatua ya kumi na saba kidole chake kikagusa kisigino kidogo, baridi kama chuma.

Alimkumbatia mtoto akarudi kinyumenyume akihesabu kwa meno yanayogongana, mpaka akasikia fundi akipiga yowe la furaha.

Fundi alihama jioni ileile. Shangazi alifunga nyumba kwa kufuli jipya, akavaa ufunguo shingoni.

Jumapili Bibi Picha alikuwa akimkanda shangazi goti, simu ikaita. Ilikuwa sauti ya mwanamume mpole.

"Dada, samahani kukusumbua. Ni sisi wa jana, uliotuonyesha nyumba."

"Jana sikutoka, kaka."

Alicheka. "Acha utani! Si ulitufungulia mwenyewe, ukatutangulia pekupeku? Na namba hii ulitupa wewe. Tumeshaingiza vitu. Ila zulia letu limeanza kujikunja."

Ufunguo ulikuwa palepale, kifuani mwa shangazi.

"Una watoto?" Bibi Picha alinong'ona. "Wako wapi?"

"Wawili. Wanacheza ule mchezo uliowafundisha. Hebu wasikie."

Alisikia sauti mbili ndogo, na katikati yao sauti yake mwenyewe, zikihesabu kwa furaha. Kumi na mbili. Kumi na tatu.

"Wazuie!" alipiga kelele. "Kaka, wazuie!"

Kumi na nne.

"Wamefanya nini?" baba aliuliza.

Kumi na tano.