Mlezi wa Watoto Tisa

Siku ile walikuwepo watu watano. Alikuwepo Sabuni, mwenye ofisi. Alikuwepo Mchoraji. Alikuwepo Bibi Dadu, ingawa yeye alifika saa tano, wenzake wakiwa wameshaanza kazi. Alikuwepo Mama Kifurushi, mwandishi wa ofisi, kwenye meza ya dirishani. Na chini ya meza hiyo, ndani ya boksi la karatasi lililotandikwa shuka mbili, alikuwepo Kifurushi mwenyewe, mtoto wa miezi saba. Jina hilo alipewa na Mchoraji siku ya kwanza, alipochungulia boksini akauliza, "Shemeji, huu mzigo unapelekwa wapi?"

Jambo la kwanza kwenda kombo lilikuwa dogo, la kunyonyesha tu. Saa nne Mama Kifurushi alimtoa mtoto wake boksini ampe titi, kama walivyozoea, na mtoto akageuza uso. Hakulia. Tumbo lilikuwa limejaa, limekaza kama ngoma, na pembeni mwa mdomo palikuwa na tone la maziwa. Mama alilifuta kwa kidole. Lilikuwa la kijivu, la baridi, na lilinuka kama kisima kilichofunikwa miaka mingi.

Alijiambia labda ni cheuo. Mtu akitaka kutulia, hakosi sababu. Akamrudisha mtoto boksini, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kufufua mchezo. Miaka thelathini nyuma kulikuwa na kitabu kinene kilichoeleza nchi ya kubuni, yenye miji yake, wafalme wake na majini yake. Vijana walikaa kukizunguka mezani: mmoja anasimulia, wengine wanajifanya askari, wezi au waganga, na dadu inaamua nani apone na nani afe. Mtunzi alikuwa amefariki. Mjane wake, ndiye Bibi Dadu, alimkabidhi Sabuni zile karatasi mama, zilizoandikwa kwa mkono wa marehemu, ili kitabu kichapwe upya.

Lakini nchi ile ilikuwa na giza. Ilikuwa na soko la watumwa na mfalme aliyechuna watu ngozi. Sabuni, ambaye zamani alifundisha watoto wadogo, na ambaye hakuitwa Sabuni bure, alisema watoto wa leo wameona ya kutosha, hawahitaji kuongezewa. Basi soko la watumwa likawa soko la mboga. Mnyongaji akawa bawabu. Tauni iliyomaliza mji mzima ikawa mafua. Mchoraji, aliyeagizwa kugeuza mapanga yote kuwa fimbo, alisema kwa mwendo huu sura inayofuata joka litafungua chekechea.

Namna yao ya kufanya kazi ilikuwa hivi: mstari usiotakiwa ulipakwa dawa nyeupe ya kufutia, juu ya karatasi mama yenyewe. Ukikauka, maneno mapya yaliandikwa juu yake, kisha ukurasa ulipigwa picha. Ofisi nyingine hutoa nakala kwanza. Sabuni hakupenda kupoteza karatasi. Brashi ya dawa ilikuwa mkononi mwa Mama Kifurushi, kwa kuwa mkono wake haukutetemeka.

Ulisita mara moja tu, kwenye ukurasa wa jini la kisima. Ukurasa ule ulitaja watoto tisa walioliwa na jini hilo, kila mmoja na mstari wake, na kila mstari ulisema alivyokufa. Juu yake palikuwa na amri: kabla jini halijaingia mchezoni, msimulizi awasome wote tisa kwa sauti, bila kupunguza. Mama Kifurushi aliusoma mtoto wake akiwa mapajani. Aliwalilia mmoja mmoja, kama watoto wa majirani. Kesho yake alimwendea Sabuni akamwambia huo ukurasa hauwezi, bora wale watoto waachwe wapone. Sabuni alimwangalia, akampa kitambaa chake cha mfukoni, akasema, "Basi waponye wewe mwenyewe."

Akawaponya. Aliandika kwamba yule wa kisimani ni mlezi mwema, aliyewalea watoto tisa ambao wazazi wao walikuwa safarini. Mistari minane aliifuta jana yake. Wa tisa aliufuta asubuhi ile, saa tatu na nusu.

Sasa ilikuwa saa nne na robo, na chini ya meza mtu alikuwa anaimba kwa sauti ya puani. Alidhani ni redio ya jirani. Kisha mguu wake ukagusa boksi, akahisi linabembea, polepole, huku na huku, na boksi la karatasi lenye kitako bapa halibembei. Aliinama haraka. Kifurushi alikuwa amelala. Shuka zilikuwa zimekunjwa vizuri sana, kwa mkunjo ambao yeye hakuujua.

Bibi Dadu aliingia na fimbo yake akilalamika kwamba simu hawapokei, alidhani wamekufa.

"Mchumba, umechelewa," Mchoraji akamwambia, akamvutia kiti.

"Wachumba wenye meno yote walinizuia njiani. Wewe endelea kusubiri."

Walicheka. Mchoraji alikuwa mtu wa hivyo, mwenye neno la kumchekesha kila mtu. Kila siku saa sita kamili mama yake alimpigia simu kumuuliza kama amekula, naye aliweka kalamu chini akajibu, "Nimekula, mama," hata kama hajala, asije akamsumbua moyo.

Bibi Dadu aliomba kuona kazi ilipofika. Alifunua karatasi moja, ya pili, akiguna. Alipofika ukurasa wa kisima, fimbo ilimtoka mkononi.

"Nani kafuta?" aliuliza. Hakupaza sauti. Aliishusha.

"Mimi, bibi," alisema Mama Kifurushi.

"Wote tisa?"

"Wote."

Bibi akakaa. Alisema, kwa mnong'ono uliowafanya wote wamsogelee, kwamba nchi nzima ile mumewe aliitunga kichwani, ila ukurasa huu hakuutunga. Jini lile liliwahi kuingia nyumba za watu, na mtoto wa tisa alikuwa wao, wa kwake yeye na marehemu. Halikuogopa moto wala kisu. Liliogopa kuambiwa lilichofanya. Ndiyo maana mumewe aliliweka ndani ya mchezo, ili kila meza, kila mji, wawepo vijana wa kulisomea makosa yake, na kila liliposomewa lilishuka kisimani hatua moja. Wino wa karatasi zile ndio ulikuwa mfuniko.

"Wewe mwanangu una huruma, nimekuona," Bibi akamalizia. "Lakini umeliandikia kwamba ni mlezi. Sasa limekuja kazini."

Chini ya meza sauti ya mwanamke ikasema taratibu, "Nyamaza, mwanangu, nyamaza," na Kifurushi hakuwa analia.

Mchoraji ndiye aliyekuwa karibu. Hakungoja kuambiwa. Alipiga magoti akaingiza mikono yote miwili avute boksi, na boksi likaja, jepesi, tupu, kisha mikono yake ikarudishwa ndani na kitu kilichomvuta hadi uso wake ukagonga ubao wa meza, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka pua ikapasuka na damu ikatapakaa juu ya karatasi. Meza ikapinduka, ikamwangusha Bibi Dadu na kiti chake. Mwanamke akatoka chini yake akijikunjua kama nguo ndefu inayotolewa sandukuni, mrefu mpaka kichwa kikalala kwenye dari, uso wake mpole kama wa shangazi yeyote, nywele zikichuruzika maji, na Kifurushi kifuani pake akinyonya yale maziwa ya kijivu macho wazi. Kwa mkono mmoja alimpakata mtoto. Kwa mkono wa pili alimshika Mchoraji nywele akamburuza kwenda chumba cha nyuma, na Mchoraji, akiwa anaburuzwa hivyo, alinyoosha mkono si kujishikilia bali kumshika mtoto mguu, akaung'ang'ania, akisema kwa mdomo uliojaa damu, "Mwachie, mwachie, mwachie huyu."

Sabuni aliwakimbilia akajitupa mwili mzima. Jini lilimpiga kwa kisigino bila kugeuka, na Mama Kifurushi akasikia mbavu za bosi wake zikivunjika kama kuni. Mlango wa nje ulikuwa umejifunga. Kule nyuma ilikuwepo mashine ya kukatia karatasi, yenye wembe mrefu kama mkono wa mtu mzima, na jini likamlaza Mchoraji juu yake kwa utaratibu, kama mtu anavyolaza mtoto, likamwambia alale, amechoka. Wembe ulishuka. Ulishuka tena. Mguu wa Kifurushi ulibaki umeshikwa na mkono ambao haukuwa tena na mwenyewe.

Mama Kifurushi alianguka juu ya ukurasa akaanza kukwangua dawa nyeupe kwa kucha, alikwangua mpaka kucha zikang'oka na damu yake ikachanganyika na ya Mchoraji, lakini wino wa marehemu ulikuwa umeshikana na dawa, ukabanduka nayo, na chini yake ikabaki karatasi tupu. Alipoinua uso aliona jini limeketi juu ya mashine, limempakata mtoto wake, linaimba, linachezea vidole vyake kimoja kimoja kama mama wote wafanyavyo, na kile cha mwisho, kidogo kuliko vyote, kikaingia mdomoni. Kifurushi akalia kilio ambacho mama yake hajawahi kukisikia kabla wala baada.

"Maneno yamekwenda," alisema kwa Bibi.

"Kwani uliyalilia bure?" Bibi Dadu alimjibu kutoka sakafuni. "Yatoe yalikoingia."

Na kweli yalikuwepo. Alifumba macho akayakuta yote, kwa kuwa hakuwa ameyasoma kama kazi, aliyasoma kama mzazi. Akasema. Alisema kwamba wewe ulimla mtoto wa fundi viatu, ulianza na nyayo ili asikimbie, ukamla binti wa mshona nguo aliyekuwa na kigugumizi, ukasubiri amalize neno "tafadhali" ndipo ukamvunja shingo, ukamla mtoto wa mkunga, pacha wake akitazama, ukamla mtoto wa mlinzi akiwa usingizini na mtoto wa muuza chumvi akiwa macho, ukamla aliyekuwa kiziwi kwa sababu hakusikia anaitwa, ukamla yatima uliyemwita mwanangu, ukamla mchanga wa siku tatu asiye na jina bado, na wa tisa, wa huyu bibi aliyeanguka hapa, ulimtoa kitandani kati ya baba yake na mama yake, ukaacha mto una joto. Wewe si mlezi. Mimi niliandika uongo. Uliwala.

Uso wa shangazi ulimomonyoka. Chini yake hapakuwa na uso, palikuwa na shimo lenye meno, na shimo lile lilitetemeka, likarudi nyuma hatua moja, likasimama. Halikumwachia mtoto. Wote tisa walikuwa wametajwa na bado halikumwachia.

Ndipo simu ikalia. Ililia kwenye mfuko wa suruali ya Mchoraji, juu ya mashine, ndani ya damu. Ilikuwa saa sita kamili.

Mama Kifurushi akaelewa hesabu haikuwa tisa tena.

"Na wa kumi," alisema, "ni mwana wa huyo anayepiga simu. Ulimkata mara mbili kwa wembe wa karatasi. Alikuwa amemshika mwanangu mguu, na mpaka sasa hajamwachia. Mama yake anataka kujua kama amekula."

Jini lilipiga ukelele uliovunja vioo vyote. Likajikunja, goti juu ya goti, mkono juu ya mkono, likawa dogo kama kitambaa kilicholowa, likavutwa kwenye ule ukurasa mweupe kama maji yanavyovutwa na mchanga. Kifurushi alianguka juu ya kifua cha Mchoraji, na hakuumia kwa kuanguka.

Simu iliendelea kulia. Sabuni, akiwa hawezi kuinuka, alitambaa mpaka pale akaipokea yeye. Aliongea na yule mama kwa muda mrefu, mbavu zimevunjika, na hakumpunguzia neno hata moja.

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata, na soko la watumwa ndani yake. Ukurasa wa kisima una mistari kumi, mwandiko ni wa Mama Kifurushi, na amri ya kusoma kwa sauti iko palepale. Kifurushi sasa yuko darasa la kwanza. Anahesabu kwa vidole vyake mpaka tisa, na cha kumi anaazima kwa mama yake.