Sauti Iliyokatwa

Kila alasiri baada ya masomo, Anisia alipitia kwenye kituo kidogo cha televisheni mjini Gitega kumngoja mama yake, Dorotea. Watu hawakukaa tena sebuleni kungoja vipindi. Walitazama kwenye simu, na matangazo ya biashara yakawafuata huko huko. Ndiyo maana Dorotea alipewa kazi ya kuweka kanda za zamani mtandaoni.

Katika kanda mojawapo, bibi aliyerudi kutoka kambi ya wakimbizi nchini Tanzania alikuwa akimtafuta binti yake. Aliikazia kamera macho, akaita, “Jeska, njoo. Niko hapa, nakungoja.”

Anisia alikata kwa siri kipande chenye maneno hayo, akaitia picha giza na kuandika kwamba bibi huyo alikufa lakini bado anaita. Akakirusha kipande hicho kwenye ukurasa wa kituo.

Kufikia kesho yake kilikuwa kimeenea kote, na mkuu wa kituo alifurahi sana. Lakini Anisia alipopita sokoni, sauti ile ilimfuata: kwa muuza nyanya, kwa kinyozi, hata nyuma ya ukuta ambako hakuona mtu.

Kabla ya wiki kwisha, mtu aitwaye Egidius alipiga simu kituoni kutoka Muyinga, Anisia akiwapo. Jeska alikuwa mke wake, na bibi yule walikuwa wamemzika mwaka uliopita. Sasa, tangu akione kipande kile, kila jioni Jeska alishuka bondeni kwenye matete, akiitika, “Abee, mama.” Jana yake walimkuta majini, maji yamemfika kifuani.

Kifo kile Anisia alikuwa amekitunga tu, kumbe kilikuwa kweli. Akamweleza mama yake yote.

Dorotea alikiondoa kipande kile, akaitia kanda nzima kwenye simu yake, na Jumamosi wakapanda basi kwenda Muyinga. Jeska alikuwa ameketi mlangoni, uso umeelekea bondeni. Dorotea akaifungua kanda. Sauti ilipoita, Jeska akaanza kuinuka. Egidius akamshika mkono. Kanda ikaendelea. Ndani yake msichana aliingia mbio, bibi akamkumbatia na kusema, “Nimekupata, mwanangu. Sasa hata nikifa, nitalala.”

Jeska alilia kwa muda mrefu. “Nilikuwa nimesahau kwamba nilifika,” alisema.

Anisia akapiga magoti na kuomba radhi. Jeska akamwinua, akamketisha kando yake. Tangu siku hiyo hakushuka tena bondeni.

Kituo kiliweka kanda nzima mtandaoni. Waliotazama walikuwa wachache, na mkuu alinung’unika. Dorotea alimwambia binti yake, “Wacha wawe wachache. Ukiwaonyesha watu jambo, mwanangu, waonyeshe lote. Ukweli uliokatwa unaweza kumpoteza mtu kama uongo.”