Jino la Nyangumi Halinirudishi Kwako

"Unaisi, mara ya mwisho umechomwa sindano lini?"

Nesi Torika aliuliza huku akibonyeza goti langu. Goti lilikuwa limevimba na linawaka moto. Nilitaka kulia.

"Mwezi wa nne, dada. Iliyofuata si mlisema dawa zimekwisha?"

"Zimekwisha? Nani kakwambia?"

"Mlituma ujumbe. Na mwezi uliopita mkasema mmesogeza siku."

Nesi akaliacha goti. Akanitazama kama mwizi wa kuku.

"Wewe mwenyewe unasomea unesi. Moyo wako umeguswa na homa ya baridi yabisi tangu utoto, na unajua sindano hii ya kila mwezi haisogezwi hata kwa msiba. Sisi tulikukumbusha mara zote mbili, na ukajibu."

"Nilijibu?"

Akanigeuzia skrini. Kweli, jibu lilikuwepo: *Sawa dada, nitakuja. Asante sana.*

"Namba hii si yako?"

Nikaiangalia ile namba. Ilikuwa ya Isoa. Simu yangu ilipotumbukia kwenye ndoo ya kufulia, kabla sijapata nyingine, nilimwandikisha yeye pale kliniki. Nilikuwa nafua soksi zake za raga, tena. Si mpenzi wangu? Si miaka miwili tunakula sahani moja? Ningemwandikisha nani mwingine? Na ni yeye aliyekuwa akiniambia ujumbe umesemaje.

Daktari naye akaja na lake. Valvu ya moyo imeanza kuvuja. Homa ikirudi tena, ni upasuaji, na huo haufanyiki hapa Suva.

"Na mafunzo yangu kisiwani Kadavu?" nikauliza. "Nimechaguliwa kwenda kuzalisha akina mama. Meli inaondoka wiki ijayo."

"Meli itaondoka bila wewe, binti. Kwanza upone."

Hapo ndipo nilipolia.

Isoa alifika wodini jioni, kalowa mvua, ananuka yaqona, kile kinywaji cha mizizi. Alikuwa ameketi kuzunguka bakuli na wenzake tangu mchana, macho mekundu, ngozi ya miguu imebanduka magamba kutokana na kinywaji kile. Akaketi kitandani kwangu bila kukaribishwa.

"Pole mpenzi. Ripoti umefikia wapi?"

Wallahi, ndivyo alivyosema. Hata goti hajaliangalia.

"Isoa, kliniki walituma ujumbe kwenye simu yako."

"Ujumbe gani?"

"Ule uliojibu *asante sana*."

Akajikuna shingo. Akatabasamu lile tabasamu lake ambalo zamani lilinifanya nimsamehe kila kitu. Siku ile lilinitia kichefuchefu.

"Unaisi, mama, usikuze mambo. Ulikuwa umebakiza sura mbili tu. Ungeenda kliniki, ungekaa foleni siku nzima, kesho yake mkono unauma, huandiki. Nikasema, mwezi mmoja utadhuru nini?"

"Miezi miwili."

"Basi miwili. Tulikuwa tunajenga maisha yetu, au siyo? Mimi nikimaliza, nawe umemaliza."

"Nitamaliza kweli. Valvu inavuja."

"Khaa! Madaktari wanapenda kutisha watu." Akanipapasa shavu kwa mkono unaonata. "Ila ile faili usiifute, eh?"

Niliutoa mkono wake kwa ncha za vidole, kama ninavyotoa mende kwenye sahani. Mnajua ripoti yenyewe ilihusu nini? Isoa anasomea afya ya jamii. Ripoti ilihusu kwa nini wagonjwa wa moyo hukosa sindano zao. Nilikuwa nakesha kumwandikia hayo, yeye akinikosesha yangu.

"Toka, Isoa."

"Unatania."

"Toka kabla sijakutapikia."

Akatoka akicheka, akiwaambia manesi kwamba homa imenipanda kichwani.

Nikampigia Kelera, tuliyekuwa tukiishi naye chumba kimoja bwenini. Tulikuwa hatusemeshani, maana Isoa alinijaza kwamba ana wivu. Kwaya nimeacha, netiboli nimeacha, marafiki wamebaki kunipungia mkono kwa mbali, yote kwa ajili ya ripoti na soksi. Simu ikaita mara moja tu.

"Shoga, uko wapi?"

"Hospitali."

"Nakuja. Umekula?"

Hakuniuliza lingine. Alikuja na magimbi na samaki wa tui, akanilisha kwa mkono. Nilipomweleza, akasema, "Ptuu! Hata mbwa hulamba kidonda cha mwenzake."

Wiki hiyohiyo nikarudi nyumbani kwa Baba, Nausori. Nilidhani yameisha. Kumbe Isoa kaenda kwao kulia. Ijumaa Baba akaniita.

"Mjomba wake anakuja kesho. Analeta jino la nyangumi."

Kwetu hakuna zawadi nzito kuliko hiyo. Likija hilo kuomba msamaha, si jambo la kucheza nalo. Baba akilikataa, ametukana ukoo mzima. Akilipokea, hasira inazikwa siku hiyohiyo na hakuna anayeifukua.

"Baba, ukilipokea, nitarudi kwake?"

"Mimi nitapokea msamaha. Sijasema nitapokea mkwe."

"Wao watasemaje?"

"Hapo ndipo sijui, mwanangu. Jino likishatoka, wazee husema mengi."

Usiku ule sikulala. Niliona mbele yangu maisha yangu yote: nafua, naandika, na moyo unavuja.

Jumamosi walikuja wanne. Mjomba Sakeasi, mzee mwenye nywele nyeupe na sauti ya kanisani, alipiga magoti kwenye mkeka na jino mikononi. Isoa nyuma yake kainamisha kichwa, shati limepigwa pasi, sura ya mtoto wa ubatizo. Mimi na Kelera tulikaa nyuma kabisa, pamoja na wanawake.

"Tumekuja na aibu," mzee alisema. "Kijana wetu amemuumiza binti yenu. Hatuna maneno. Tuna jino hili tu."

Machozi yalimtoka, ya kweli kabisa. Nikamhurumia. Baba akalipokea kwa mikono miwili, akalibusu, akasema yamekwisha. Wanaume wakapiga makofi yale mazito ya heshima.

Mzee akaongeza, bado kapiga magoti, "Na tunaomba, watoto hawa waendelee pale walipoishia."

Kila jicho kwa Baba. Baba akalitazama jino mikononi mwake. Nilimjua, alikuwa anatafuta namna ya kukataa bila kumvunjia mzee heshima, na hakuipata.

Simu ikatetemeka mapajani mwangu. Nilikuwa nayo kwa sababu nasubiri majibu ya hospitali. Nikachungulia.

*Unaisi, asante kwa kunisamehe. Wakianza kula nitumie ile faili haraka, mwisho wa kuikusanya ni leo jioni. Usimwambie mjomba. Nakupenda.*

Nikainua macho. Isoa bado kainama, uso wa toba, vidole vimefichwa kwenye mkunjo wa sulu, shuka aliyojifunga kiunoni. Mjomba wake yuko magotini mbele yake, analia kwa ajili yake, naye anachapa ujumbe.

Kelera akasoma begani kwangu. "Mungu wangu," akanong'ona. "Huyu ni uozo."

Mwanamke hasemi katika shughuli ile, sembuse binti. Nikasimama.

"Unaisi, kaa," shangazi akanivuta sketi.

"Samahani, Baba. Samahani, mzee wangu Sakeasi. Kuna ujumbe umeingia sasa hivi, kutoka kwa huyo aliye nyuma yako. Naomba niusome."

"Unaisi!" Isoa akafoka. "Usithubutu!"

Nikausoma wote, polepole, mpaka *nakupenda*.

Mzee Sakeasi aligeuka, bado yuko magotini, akamnyooshea Isoa mkono.

"Nipe hiyo simu."

"Mjomba, ilikuwa utani tu..."

"Unamtania nani? Mtani wako ni nani hapa?" Sauti yake ilikuwa ya chini, na ilitisha. "Lete simu."

Akaipokea, akasoma mwenyewe. Kisha akainama tena mbele ya Baba, paji la uso karibu liguse mkeka.

"Ndugu yangu, maneno yale ya mwisho nayafuta. Sikuyasema. Jino hili lilikuwa la mama yangu, na lilitoka kwa ajili ya kijana. Sasa naomba ulihesabu ni langu, kwa aibu niliyokuletea ndani ya nyumba yako."

"Limepokelewa, kaka," Baba alisema, naye akilia.

Isoa alibaki katikati ya mkeka, hakuna aliyemtazama. Akanigeukia mimi, na hata hapo, jamani, hata hapo:

"Lakini wamepokea. Mila ni mila. Si umenisamehe?"

"Nimekusamehe, Isoa," nikamwambia. "Sikudai kitu, sitakulaani, nikikutana na mama yako nitamwamkia. Ila nikikuona nasikia kinyaa, na hakuna jino linaloweza kuniondolea hicho. Nenda."

Mzee Sakeasi akamwonyesha mlango, na yeye mwenyewe akabaki kula na sisi.